Somo: Msimamo wa Kanisa, Fedha za Misaada na Mtu Aliye Mlangoni



Mwaka 2003 Kanisa la Episkopo la Marekani lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanaume mwenzake, kuwa askofu. Desemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania walitangaza kuwa hawatapokea, kwa kujua, misaada ya wanaokubali jambo hilo ndani ya kanisa lile. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Anglikana duniani walilijadili hapa Dar es Salaam. Januari 2010 maaskofu wa KKKT, katika Tamko la Dodoma, walikataa ndoa za jinsia moja pamoja na fedha za wanaozitetea.

Azimio la Mkutano wa Lambeth la 1998, linalotajwa sana, lina sehemu mbili. Linasema tendo hilo halipatani na Maandiko. Pia linataka watu hao wasikilizwe na kuhudumiwa kichungaji, na linalaani kuwaogopa bila sababu. Mara nyingi tunasoma nusu tu.

Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka. Serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Anayeogopa kusakwa, awe Kariakoo au Ilala, huogopa hata kwenda kupima VVU. Kushika mafundisho hakutuondolei wajibu wa kumhudumia.

Maswali ya kujadili:
1. Masharti ya misaada tunayopokea ni yapi, na nani ameyasoma?
2. Mgonjwa akija kwetu, tunauliza kwanza maradhi yake au maisha yake?