KAZI YA MTENGENEZAJI WA PROGRAMU KATIKA BENKI YA UWEKEZAJI

1. Maana

Benki inayopokea akiba na kutoa mikopo kwa wananchi ni benki ya biashara. Benki ya uwekezaji husaidia makampuni na serikali kupata mitaji kwa kuuza hisa na hatifungani, hushauri makampuni yanayotaka kuungana, na hununua na kuuza dhamana sokoni. Mifano ni Goldman Sachs na Morgan Stanley za Marekani.

2. Kazi zenyewe

Siku hizi sehemu kubwa ya biashara ya hisa hufanywa na kompyuta. Mtengenezaji wa programu huandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Katika benki ya uwekezaji, yeye hushughulikia programu:

(a) za kutuma sokoni oda za kununua na kuuza;
(b) za kukokotoa bei, na hasara inayoweza kutokea bei zikibadilika;
(c) za kuhakikisha kwamba mauzo yaliyoandikwa yanalingana na fedha zilizolipwa;
(d) za zamani, ambazo waliozitunga huenda wameshaondoka kazini.

Zingatia: Usiishie kuandika kwamba kazi yake ni "kuandika programu". Muda wake mwingi huenda kwenye kusoma msimbo wa wenzake, kuujaribu, na kuomba idhini kabla haujaanza kutumika. Kisa kifuatacho kitakuonyesha sababu.

3. Kisa cha kujifunza: Knight Capital, 2012

Knight Capital haikuwa benki ya uwekezaji. Ilikuwa kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, lakini programu zake zilifanya kazi kama ile ya kipengele (a).

Kampuni iliandaa msimbo mpya wa kutumika kuanzia tarehe 1 Agosti 2012. Ulitakiwa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliuweka kwenye 7, akaisahau moja, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Katika seva ile ya nane ulibaki msimbo wa kale, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003 bila kuufuta. Msimbo mpya ulitumia swichi ileile iliyokuwa ikiwasha msimbo wa kale. Swichi ilipowashwa, seva 7 zilifanya kazi vizuri. Ya nane ikaamsha programu iliyolala miaka tisa.

Programu hiyo haikuweza tena kutambua kwamba oda imekwisha kutimizwa, hivyo iliendelea kutuma oda bila kukoma. Mafundi, wakidhani kosa limo katika msimbo mpya, waliuondoa kwenye zile seva 7. Msimbo wa kale ukaamka huko pia, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Ndani ya dakika 45, oda 212 za wateja zilizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4. Hasara ilizidi dola milioni 460. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye dalili ya kosa hilo, lakini hazikufanyiwa kazi. Mwaka 2013 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 12.

4. Hoja za kukumbuka

- Msimbo usiotumika ufutwe.
- Kazi ya mtu mmoja ikaguliwe na mwingine.
- Onyo la mfumo lipelekwe kwa mtu mwenye wajibu wa kulishughulikia.
- Pawe na njia ya kusimamisha programu mara moja, na hatua za dharura zijulikane mapema.

5. Swali la mfano

"Hasara ya Knight Capital ilisababishwa na fundi mmoja." Jadili.

Mwongozo wa jibu: Anza kwa kukubali sehemu iliyo kweli: fundi aliisahau seva moja. Kisha onyesha kwamba kosa hilo peke yake lisingeleta hasara hiyo kama msimbo wa kale ungefutwa, mkaguzi angekuwepo, na barua pepe zingesomwa. Hitimisha kwa msimamo wako. Kila hoja iambatane na ushahidi kutoka kwenye kisa. Hoja isiyo na ushahidi haina uzito.

Zoezi: Ukiwa umeajiriwa kukagua kazi ya fundi yule, eleza mambo matatu ambayo ungeyahakiki kabla ya soko kufunguliwa.