Mungu Hushika Mikono ya Anayejifunza Kutembea

SOMO LA FAMILIA
Soma nyumbani: Hosea 11:1-4, Yohana 9:1-3, 2 Samweli 4:4 na sura ya 9

Juma hili tunajifunza kuhusu mtoto mdogo nyumbani, yule wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambaye leo anatambaa na kesho unamkuta ameshafika kwa jiko. Nimechagua somo hili kwa sababu kuna jambo linaloumiza wazazi kimyakimya hapa kwetu Nadapal. Mama anafika mlangoni mwa kanisa, hata hajaketi, anaulizwa, "Kwani wako bado hatembei?" Akiulizwa hivyo Jumapili tatu, ya nne haji.

1. Hatua ndogo ni kubwa mbele za Mungu

Katika Hosea 11, Mungu anataka kuwakumbusha watu wake jinsi alivyowapenda. Angeweza kutaja Bahari ya Shamu. Badala yake anajifananisha na mzazi aliyemshika mtoto mikono akimfundisha kutembea. Ibrahimu naye alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa kunyonya (Mwanzo 21:8). Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo kila mwaka (1 Samweli 2:19). Kila mwaka, kwa sababu mtoto alikuwa anakua, na mama alikuwa anahesabu.

Kwa hivyo usione haya kufurahia jino la kwanza. Kwetu nyumbani binti yetu ana mwaka mmoja na miezi minane. Neno lake la kwanza la kueleweka lilikuwa "kipi", yaani ngakipi, maji. Na kwa joto hili letu, nani atamlaumu? Siku hizi tukiomba anasema "Ameni" kabla mama yake hajafika katikati ya maombi. Tunacheka, halafu tunaendelea. Hayo ndiyo maisha ya nyumba yenye mtoto, na Mungu yumo ndani yake.

2. Mtoto si duka

Mimi nilisomea biashara. Huko tulifundishwa kuweka malengo, na anayechelewa kuyafikia anaulizwa maswali. Lakini mtoto hapimwi kwa malengo ya jirani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walikuta kwamba mtoto mzima kabisa anaweza kuanza kutembea peke yake akiwa na miezi 8, na mwingine mzima vilevile akaanza akikaribia miezi 18. Watoto kama 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, na bado walitembea.

Kwa hivyo wa jirani akitembea kwa miezi 10 na wako kwa miezi 15, hakuna aliyeshinda. Hata kuongea ni vivyo hivyo. Wengine husema mtoto amechelewa kuongea kwa sababu anasikia Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Lugha nyingi hazimzuii mtoto kuongea. Ongea naye kwa ile unayoijua vizuri, na umwombee kwa hiyo hiyo.

Lakini biashara ilinifundisha kitu kingine kinachofaa hapa: daftari. Mwenye duka mwenye busara hulinganisha mwezi huu na mwezi uliopita wa duka lake mwenyewe. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto ni daftari la namna hiyo. Angalia mstari wa uzito wa mtoto wako. Ukipanda, mshukuru Mungu. Ukilala au ukishuka, usingoje.

3. Imani haifungi kijitabu cha kliniki

Wapendwa, kuomba na kwenda kliniki si mambo mawili yanayopigana. Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu (Wakolosai 4:14). Kwa hivyo omba, halafu funga safari:

- Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, tena miezi 18. Wengi huenda ile ya kwanza, ya pili wanasahau kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia.
- Vitamini A hutolewa kila miezi sita kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja.
- Ukanda wa kupima mkono: kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu. Manjano ni hatari inakaribia. Nyekundu ni chini ya 11.5, na huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wakati wa ukame tusione haya kupimisha watoto wetu.
- Mtoto amefika miezi 18 na hatembei, hageuki akisikia sauti, au amepoteza kitu alichokuwa anakiweza: mpeleke aonwe. Ukienda mapema, anapata msaada mapema.

Na nyumbani, usiache karai la maji chini. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana.

4. Anayechelewa ana kiti mezani

Hapa ndipo nataka tusikizane vizuri. Kuna watoto ambao watachelewa sana, na wengine hawatatembea. Tukiwaona, tusiwe kama wale wanafunzi katika Yohana 9 waliouliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Kama Bwana alilikataa, sisi tunalirudia kwa mamlaka ya nani?

Mefiboshethi alianguka akiwa na miaka mitano, yaya alipokuwa anakimbia naye, akalemaa miguu yote miwili. Haikuwa laana, ilikuwa ajali. Daudi hakungoja apone ndipo amwalike. Alimweka mezani pa mfalme siku zote. Kanisa ni meza hiyo. Mtoto asiyetembea abebwe aletwe ibadani, na mama yake apate mtu wa kumpokea mzigo, si wa kumhoji.

Na akina baba, Hosea anaongea nasi pia. Kushika mikono ya mtoto si kazi ya mama peke yake. Siku ya kliniki, beba mtoto wewe.

MAZUNGUMZO KWENYE VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni neno gani uliambiwa kuhusu mtoto wako ambalo bado linakuuma? Tuombeane.
2. Fungua kijitabu cha mtoto wako. Tarehe inayofuata ni lini?
3. Nani hajaonekana ibadani kwa sababu ya mtoto wake? Ni nani atamtembelea juma hili, bila maswali, labda na maziwa au mtungi wa maji mkononi?

Ombi: Baba, wewe uliyetushika mikono tulipokuwa hatujui kusimama, tupe subira ile ile kwa watoto wetu na kwa wazazi wenzetu. Katika jina la Yesu. Amina.