Darubini Katika Usiku wa Miezi Sita

Binadamu amejiuliza juu ya asili ya ulimwengu tangu zamani, na mara nyingi amelitafuta jibu katika hekaya. Siku hizi liko tawi la sayansi, liitwalo kosmolojia, linalolitafuta jibu hilo kwa vipimo. Katika makala haya hatutaeleza nadharia zote za tawi hilo. Tutaeleza kazi ya wale wanaovichukua vipimo vyenyewe, na hasa wataalamu wawili ambao kila mwaka hubaki katika Ncha ya Kusini ya dunia ili kuitunza darubini moja wakati wa kipupwe.

Kwanza yafaa msomaji aelewe kinachopimwa. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa na joto kali mno, na elektroni zilielea huru bila kushikamana na viini vya atomu. Katika hali hiyo nuru haikuweza kwenda mbali. Iligongana na elektroni na kutawanywa, kama taa ya gari inavyotawanywa na ukungu. Ilipotimia miaka 380,000 hivi tangu mwanzo, joto lilishuka, elektroni zikashikamana na viini, na ukungu ule ukatoweka. Nuru iliyoachiliwa wakati ule ingali ikisafiri hadi leo, baada ya miaka milioni 13,800 hivi. Lakini kutanuka kwa ulimwengu kumeyavuta mawimbi yake yakawa marefu, hata sasa hayaonekani kwa macho, bali ni mawimbi ya redio ya urefu wa milimita chache, yenye joto la nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili, yaani nyuzi 270 hivi chini ya sifuri ya Sentigredi. Arno Penzias na Robert Wilson waliyanasa mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, wakidhani ni kasoro ya chombo chao. Hata kinyesi cha njiwa walikiondoa katika antena, na mvumo ule usitoweke. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mvumo huo unakaribia kulingana pande zote za mbingu. Tofauti zilizopo kati ya upande na upande ni kama sehemu moja katika laki moja, nazo ndizo mbegu za galaksi zote zilizopo leo. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kupimwa popote mtu apendapo.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni mvuke wa maji. Mvuke huyameza mawimbi hayo, na wenyewe hutoa mawimbi yanayofanana nayo. Mkazi wa pwani yetu, ambaye shati lake hulowa kabla hajafika kazini, ataelewa upesi kwa nini darubini ya aina hii haijengwi ufukoni. Uwanda wa barafu wa Ncha ya Kusini una kimo cha mita 2,835, ambacho hakifiki hata nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Lakini baridi yake huugandisha mvuke hata hewa ikawa kavu kuliko ya majangwa mengi. Kama maji yote yaliyomo katika hewa ya kipupwe juu ya kituo hicho yangedondoka pamoja, kina chake kisingefika nusu ya milimita.

Iko faida nyingine. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Katika Ncha ya Kusini hesabu hiyo ingetatiza, maana kwa mwaka mzima jua huchomoza mara moja tu, mwezi Septemba, na kutua mara moja tu, mwezi Machi. (Wakazi wa kituo hufuata saa za New Zealand, kwa kuwa ndege na mizigo yao hupitia huko.) Kwa hiyo hewa haipashwi joto mchana na kupoa usiku, bali hutulia kwa miezi mingi. Nyota nazo hazichomozi wala hazitui. Huzunguka kwa kimo kile kile. Darubini yaweza kuelekezwa sehemu moja ya mbingu na kuitazama mchana kutwa na usiku kucha, kama maneno hayo yana maana huko.

Darubini tunayoieleza iko kilomita moja hivi kutoka kituo cha Amundsen-Scott cha Marekani, nayo ilianza kazi mwaka 2007. Kioo chake cha alumini kina upana wa mita 10. Kamera inayotumika tangu mwaka 2017 ina vitambuzi elfu 16 hivi, na kila kimoja ni utando mwembamba wa metali uliopozwa hadi kwenye ukingo wa kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Joto dogo mno likiufikia, ukinzani wake hubadilika ghafla. Ili kufikia ukingo huo, kamera hupozwa hadi theluthi moja hivi ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili. Hatua ya mwisho ya upozaji hutumia kanuni ile ile ya mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa: kimiminika kinachogeuka mvuke huondoka na joto. Badala ya maji hutumika heliamu, hasa ile ya aina adimu iitwayo heliamu-3. Heliamu yote ikiisha kugeuka mvuke, lazima irudishwe kuwa kimiminika, na kazi hiyo hufanywa karibu kila siku.

Kompyuta ndizo zinazoiongoza darubini kufuata ratiba. Kazi ya wataalamu wale wawili ni kuwa macho pale mambo yanapokwenda kombo. King'ora kikilia, hata katikati ya usingizi, mmoja huvaa mavazi mazito na kutembea gizani hadi kwenye darubini, katika baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 70 chini ya sifuri, akifuata mstari wa bendera zilizochomekwa katika theluji. Hutumia taa nyekundu tu, maana taa nyeupe huharibu vipimo vya wenzake wanaochunguza anga. Huenda umeme umekatika na kamera inaanza kupata joto, au theluji imetanda juu ya kioo. Kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Oktoba hivi, ndege za kawaida hazifiki kabisa. Kifaa kikivunjika mwezi Aprili, hutengenezwa kwa vilivyomo ghalani. Nionavyo mimi, mtaalamu wa namna hii ni fundi kwanza na mwanafalaki baadaye, na si aibu kusema hivyo.

Wenzao walioko vyuoni huzipokea habari za kila siku kwa setilaiti, lakini setilaiti hizo huonekana kwa saa chache tu, na haziwezi kubeba vipimo vyote. Hesabu kamili huhifadhiwa katika diski hadi ndege zitakaporudi.

Msomaji aweza kuuliza kama taabu hii yote ni ya lazima. Mwaka 2014 darubini nyingine iliyokuwa hapo hapo, iitwayo BICEP2, ilitangaza kuwa imeona alama ya mawimbi ya uvutano ya mwanzo kabisa wa ulimwengu. Ilikuwa imepima kwa masafa ya aina moja tu. Mwaka 2015, vipimo vyake vilipolinganishwa na vile vya setilaiti ya Planck, vilivyokuwa vya masafa mengi, ilidhihirika kuwa sehemu kubwa ya alama ile ilitokana na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Darubini haikuwa mbovu, wala waliokesha nayo hawakuzembea. Tafsiri ndiyo iliyokwenda mbali kuliko vipimo. Kamera mpya ya darubini yetu hupima masafa matatu kwa pamoja.

Sasa uko mgogoro mwingine. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya vipimo vya kamera hiyo vya miaka 2019 na 2020, vilivyochukuliwa katika asilimia 4 hivi ya mbingu. Kutokana navyo, kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ni kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Wataalamu wanaopima galaksi za karibu kwa kutumia nyota zinazolipuka hupata 73 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko makosa ambayo kila upande unayakiri. Ama kuna kasoro iliyojificha katika vipimo, ama ulimwengu una jambo ambalo nadharia zetu hazijaliweka. Ndiyo maana kila saa ambayo kamera ilipata joto, na kila usiku ambao theluji ilikaa juu ya kioo, huandikwa katika daftari la darubini. Atakayechambua hesabu hizo miaka mitano baadaye lazima ajue ni zipi za kutupa.

Mwanga wa kwanza huonekana Agosti, nalo jua huchomoza Septemba. Ndege ikitua, hushuka wataalamu wawili wapya, na wale wa zamani hukaa nao kwa muda wakiwaonyesha ni king'ora kipi cha kupuuzwa na kipi cha kukimbilia. Kisha diski hupakiwa.