Amri ya Saba na Nyimbo za Telefone

Somo kwa wakatekumeni vijana

Katika vijiji vingi vya Kongo leo, kijana atokaye shambani jioni hukaa chini ya mwembe, hutoa telefone mfukoni, akasikiliza nyimbo. Nyimbo hizo zimetoka mbali: nyingine Kinshasa, nyingine Lubumbashi, nyingine ng'ambo ya bahari. Zimepita katika intaneti, zikafika kijijini ndani ya kadi ndogo ya memori, au zimehama kutoka telefone moja hadi nyingine. Furaha hiyo si mbaya. Lakini kila furaha ina njia ya haki na njia isiyo ya haki, na mkatekumeni ajitayarishaye kwa Batizo imempasa kuzitambua zote mbili. Somo hili laeleza kwamba wimbo una mwenyewe, kwamba kiitwacho cha bure mara nyingi kina mtego, na jinsi ya kusikiliza kwa haki na salama.

1. Muziki ni zawadi ya Mungu

Asidhani mtu kwamba Kanisa lachukia ngoma na gitaa. Huko Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen na kwaya yake waliimba maneno ya Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kongo. Kazi hiyo, iitwayo Missa Luba, iliimbwa mwaka 1958, ikasikika hata Ulaya na Amerika. Mwaka 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa kila taifa wastahili heshima katika ibada. Na tarehe 14 Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Basi mwimbaji ana kipaji kutoka kwa Mungu. Lakini kipaji hakitoi wimbo peke yake. Sharti mtu akae usiku akitunga, apige gitaa mpaka vidole viume, alipe fundi wa kunasa sauti, alipe nauli za wenzake. Wimbo ni kazi, na kila kazi ina ujira wake.

2. Wimbo una mwenyewe

Mwalimu mmoja aliwafundisha wakatekumeni wake Amri ya saba, ile itukatazayo kuiba. Kijana mmoja akainuka akauliza:

«Mwalimu, mtu akiiba mbuzi, mwenyewe huamka na kukuta kamba tupu. Lakini mtu akinakili wimbo, mwimbaji bado anao. Basi ameibiwa nini?»

«Swali lako ni zuri, mwanangu. Baba yako ni mwashi, sivyo?»

«Ndiyo, Mwalimu.»

«Alipomaliza kumjengea mtu nyumba, je, mwiko wake ulibaki kwa yule mtu?»

«Hapana, alirudi nao.»

«Na mikono yake?»

Wenzake wakacheka. «Alirudi nayo pia, Mwalimu.»

«Basi kama yule mtu angesema: Sikuchukua mwiko wako wala mikono yako, sina deni kwako, mama yako angepika nini jioni ile?»

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Yule mtu angekuwa amekula jasho la baba.»

«Ndivyo. Mtakatifu Yakobo aonya kwamba ujira walionyimwa wavunaji humlilia Mungu. Na mwimbaji naye ni mvunaji katika shamba lake.»

Kijana wa pili akasema: «Lakini Mwalimu, sisi hatuchukui bure. Sokoni yuko fundi mwenye ordinateri. Twampa franka zetu, naye atujazia kadi nyimbo mia mbili.»

«Mmemlipa nani? Mtu akikuuzia mbuzi wa jirani, wewe umetoa fedha, lakini jirani hajapata kitu. Fundi yule ana ruhusa ya waimbaji?»

«Hatujui, Mwalimu. Hatukumwuliza.»

«Asiyejua hana kosa kama ajuaye. Mungu hamhukumu mtu kwa jambo ambalo hakulifahamu. Lakini tangu leo mwafahamu, na afahamuye imempasa kuuliza.»

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 1939, mjini Johannesburg katika Afrika Kusini, Mzulu mmoja jina lake Solomon Linda aliimba na wenziwe wimbo «Mbube», maana yake Simba. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya santuri, akaziachia haki zake kwa malipo madogo sana. Wimbo ukapendwa, ukavuka bahari. Mwaka 1961 waimbaji wa Marekani waliuimba kwa maneno ya Kiingereza, ukaenea duniani kote. Mwaka uliofuata, 1962, Solomon Linda alikufa, naye ni maskini. Mwaka 1994 sauti ya wimbo ule ilisikika katika filamu The Lion King, nayo ilileta mali nyingi. Ni mwaka 2006 tu, baada ya mashtaka mahakamani, binti zake walipofikia mapatano ya kulipwa. Mamilioni ya watu walikuwa wameucheza wimbo huo kwa furaha, na nyumba ya mtungaji ilikuwa na njaa. Hiyo ndiyo sura ya wizi usioonekana: hauvunji mlango, lakini wamaliza chakula chunguni.

Sheria ya nchi nayo yafuata haki hiyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 yalinda watungaji: ruhusa ya kunakili na kuuza kazi yao ni yao wenyewe, maisha yao yote na miaka 50 baada ya kufa kwao, kwa faida ya warithi. Mwaka 2011 liliundwa shirika la SOCODA, lipate kukusanya malipo ya watungaji. Anayenakili nyimbo za watu na kuziuza bila ruhusa avunja sheria ya Mungu na sheria ya nchi pamoja.

3. Cha bure chenye mtego

Ziko kurasa nyingi za intaneti ziwaitazo vijana: njoni, chukueni nyimbo zote bure! Kijana mwenye busara ajiulize: mwenye ukurasa huu hakumlipa mwimbaji, wala hadai fedha kwangu. Faida yake yatoka wapi? Mara nyingi yatoka katika telefone ya yule yule aliyekuja kuchukua. Mtu asiyeheshimu mali ya mwimbaji hataheshimu mali ya msikilizaji. Mitego yake ni hii:

a) Programu iliyovaa nguo ya wimbo. Kijana abonyeza mahali palipoandikwa «pakua», lakini kishukacho si wimbo. Atazame mwisho wa jina lake: wimbo huishia kwa kawaida na mp3 au m4a, kikiishia na apk, hicho ni programu. Asiifungue, aifute mara moja.

b) Programu iombayo mengi. Programu ya muziki haina haja ya kusoma ujumbe wa telefone wala kupiga simu. Ikiomba ruhusa hiyo, ina nia nyingine. Katika ujumbe hupita habari za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, yaani akiba ya nyumba nzima.

c) Zawadi ya uongo. Pengine maandishi hutokea ghafula: umeshinda telefone mpya, andika namba yako na namba yako ya siri. Hakuna mchezo wowote wa haki uombao namba ya siri. Namba hiyo haipewi mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

d) Mgeni mwenye maneno matamu. Yuko amwandikiaye binti au kijana: sauti yako ni nzuri, nitakufanya mwimbaji mashuhuri, nitumie picha zako, wala usiwaambie wazazi. Neno hilo la mwisho ndilo lifichualo mwizi. Nia njema haiogopi baba na mama. Kijana asitume picha, asiende kukutana naye peke yake, bali awaonyeshe wazazi maneno yale kabla ya kuyafuta. Hata kama amekwisha kutuma kitu, asinyamaze kwa haya. Mwenye kosa kubwa ni yule mdanganyifu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda kila mtoto asiyetimiza miaka 18.

4. Njia ya haki na salama

Labda mtu atasema: kijijini hatuna fedha, basi tuache muziki? Hasha. Ziko njia za haki hata kwa maskini.

Ya kwanza ni redio. Haina haja ya mega wala kadi, na kituo cha redio ndicho chenye wajibu wa kumlipa mtungaji.

Ya pili ni kusikiliza mahali ambapo mwimbaji mwenyewe ameweka nyimbo zake. Katika YouTube, wengi wao wana mahali pao wenyewe. Penye jina la mwimbaji huonekana mara nyingi alama ndogo ya noti ya muziki, ishara kwamba pamethibitishwa kuwa pake. Msikilizaji halipi kitu isipokuwa mega zake, lakini matangazo yapitayo humletea mwimbaji sehemu ya malipo.

Ya tatu ni programu zipokeazo nyimbo kwa ruhusa ya wenyewe, kama Audiomack. Humo nyimbo nyingi zaweza kuhifadhiwa siku mtu afikapo penye mtandao, akazisikiliza baadaye kijijini bila intaneti. Programu hizo zichukuliwe katika duka la telefone lenyewe, kama Google Play, wala si katika kiungo kilichotumwa na mtu asiyejulikana.

Ya nne ni kumnunulia mwimbaji mwenyewe. Katika miji na misioni nyingi zimo kwaya ziuzazo nyimbo zao. Franka chache zilizotolewa mkononi mwao zina thamani kuliko kadi nzima ya nyimbo za wizi.

Tena kuna jambo lihusulo kwaya za kijijini. Kijana akinasa wimbo wa mtunzi wa parokia na kuutia katika intaneti kwa jina lake mwenyewe, ametenda makosa mawili: ameiba na amesema uongo. Imempasa kuomba ruhusa kwanza, kisha kuandika jina la mtungaji na jina la kwaya. Labda katika kijiji kile yumo Solomon Linda mwingine. Wa kwanza kumtendea haki wawe ndugu zake.

5. Masikio na roho

Masikio ni zawadi ya Mungu isiyorudishwa ikiharibika. Shirika la Afrya la Dunia laeleza kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa salama hata saa 40 kwa juma, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Kwa hiyo sauti isipite asilimia 60 ya nguvu za telefone, na vipokezi vya masikioni vitolewe mara kwa mara. Atembeaye barabarani avitoe kabisa, apate kusikia pikipiki ijayo nyuma.

Roho nayo ina masikio. Wimbo udharauo wanawake au usifuo ulevi, ukirudiwa kila siku, huzoeza moyo ubaya. Kijana na ajiulize: je, ningeweza kuuimba wimbo huu mbele ya mama yangu? Jibu litamtosha.

Maswali ya kukumbuka

1. Je, ni dhambi kusikiliza nyimbo katika telefone?
Hapana. Muziki mwema ni zawadi ya Mungu na pumziko la haki.

2. Kwa nini kunakili na kuuza wimbo bila ruhusa ni wizi?
Kwa sababu ni kumnyima mtungaji ujira wa kazi yake.

3. Je, aliyemlipa fundi wa kadi amekwisha kulipa haki?
Hapana, ikiwa fundi hana ruhusa ya wenye nyimbo.

4. Aliyefanya hivyo bila kujua afanye nini?
Asihangaike rohoni. Tangu sasa achague njia ya haki.

5. Ni kitu gani kisichopewa mtu yeyote katika intaneti?
Namba ya siri ya fedha.

6. Mgeni akiomba picha kwa siri, kijana afanye nini?
Akatae, awaonyeshe wazazi wake au mtu mzima amwaminiye.

Azimio la juma

Kila mkatekumeni mwenye telefone achague wimbo mmoja aupendao sana. Atafute jina la mtungaji wake, amwombee, kisha ausikilize mahali ambapo mtungaji hupata haki yake. Asiye na telefone ajifunze jina la mtungaji wa wimbo mmoja wa kwaya ya kijiji chake, akamshukuru kwa mdomo wake.

Sala

Ee Mungu, uliyewapa ndege sauti na wanadamu nyimbo, uwajalie vijana wako kufurahi bila kumdhulumu mtu. Uwalinde na mitego ya wadanganyifu, uwape watungaji riziki ya jasho lao, na siku moja uwakusanye wote katika kwaya ya watakatifu wako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.