Kabla Hujanunua Pampasi za Mgonjwa

Mdogo wangu, kabla hujakimbilia duka la dawa kununua pampasi za watu wazima, nijibu swali moja. Mgonjwa wako anajua haja inapomjia? Anaweza kukwambia, au hata kukuashiria kwa mkono, kwamba amebanwa? Kama anaweza, pampasi siyo kitu cha kwanza anachohitaji, hata kama hawezi kunyanyuka kitandani mwenyewe.

Naanzia hapo kwa makusudi. Baba anapata kiharusi, au bibi anaanguka na kuvunjika nyonga, anaruhusiwa kutoka hospitali, na siku hiyohiyo anafungwa pampasi. Akisema anataka kujisaidia anaambiwa, "Jisaidie humohumo, umevaa." Anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, mwisho anachoka na kuacha kuomba. Kibofu na utumbo navyo hupoteza mazoea, na kuyarudisha ni kazi. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu mzima huyo, aliyewafundisha watoto wake kujisitiri, leo watoto haohao wanamwamuru ajichafue.

Kwa hiyo mwenye fahamu zake mtafutie chombo kwanza. Mwanamume anunuliwe chupa ya mkojo, ile yenye mdomo mpana na mkono wa kushikia. Ni rahisi, inaoshwa, inakaa miaka. Mwanamke, na yeyote kwa haja kubwa, atumie beseni la kitandani, lile bapa upande mmoja. Kama ni la chuma lipashe kwa maji ya moto ulifute, maana ubaridi humfanya mtu ajikaze. Weka maji kidogo au karatasi ya chooni ndani, uchafu usigande. Mlaze ubavu, bandika beseni makalioni, mgeuze alale chali juu yake, kisha mnyanyue mgongo kwa mito mpaka akae nusu-kukaa, kama daktari hajakataza. Hakuna anayeweza kusukuma vizuri akiwa amelala flati. Mfunike kanga, mpe karatasi mkononi kama mkono wake unafanya kazi, toka nje, baki karibu ya kusikia akiita. Usimwache juu ya beseni muda mrefu, ngozi ya mkiani inaumia.

Saa nayo ina maana. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mkubwa huanza kusukuma, na kwa watu wengi nguvu hiyo huwa kubwa asubuhi. Basi mpe chai au uji wa moto, subiri kama dakika 20 au 30, mletee beseni hata kabla hajaomba. Fanya hivyo kila siku saa ileile. Nyumba zilizoshika utaratibu huu hupunguza mashuka ya kufua.

Kama anaweza kukaa kwa kushikiliwa, fundi seremala wa mtaani atakutengenezea kiti imara cha mbao chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mwambie miguu iwe mipana isiyoyumba, na kingo za tundu zipigwe msasa mpaka ziteleze. Usikate kiti cha plastiki. Hupasuka bila taarifa.

Ndugu zetu wanaofanya kazi ya kutunza wazee Uingereza watakusimulia juu ya mabeseni ya karatasi nzito, yanayotumika mara moja tu hospitalini kisha yanasagwa na mashine pamoja na kilichomo. Usitamani. Bila ile mashine utabaki na beseni lililolowa na huna pa kulipeleka. Afadhali la plastiki unaloliosha kwa sabuni na jiki, ukalisuuza, ukalianika juani.

Sasa tuje kwa wanaohitaji pampasi kweli. Wapo wengi: aliyepoteza fahamu, aliyeumia uti wa mgongo asiyesikia haja, mzee ambaye akili imesahau, mgonjwa mwenye maumivu makali kiasi kwamba kumgeuza kila mara ni mateso. Hata anayetumia chombo mchana anaweza kuvaa usiku, ili yeye na wewe mlale. Hapo pampasi ni rehema, na usione haya kuinunua.

Dukani utakuta za aina mbili. Zipo za kuvutwa kama chupi, na zipo za kufunga kwa vitepe ubavuni. Wa kitandani anunuliwe za vitepe. Zile za kuvuta zitakulazimu umnyanyue miguu yote miwili kila mara, na mgongo wako hautafika mwisho wa mwezi. Pima mzunguko wa kiuno na wa nyonga kwa futi ya fundi cherehani, chukua namba iliyo kubwa, linganisha na maelezo ya pakiti. Wengi hununua kubwa kupita kiasi wakidhani inabeba mkojo mwingi zaidi, kumbe inaacha mwanya mapajani na mkojo unapitia hapo.

Na tafadhali, usimvalishe mbili kwa pamoja. Pampasi ina unga ndani ambao ukilowa huvimba na kuwa kama jeli, na nje ina nailoni ya kuzuia maji. Ile ya ndani ikijaa, mkojo hauwezi kupenya nailoni yake uifikie ya pili, unamwagikia pembeni. Umeharibu mbili kwa kazi ya moja, na mgonjwa anachemka katikati.

Kubadilisha ukiwa peke yako kunawezekana. Andaa kila kitu kwanza: maji ya uvuguvugu, vitambaa laini, glavu, mafuta, pampasi mpya, mfuko wa taka. Pampasi mpya ikunje kwa urefu ili katikati ifanye bonde, na zile kingo mbili za ndani zenye mpira zisimame, zikilala, inavuja. Fungua ya zamani, safisha mbele, ukifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mwanamke hilo halina mjadala, uchafu wa nyuma ukifika mbele unaleta maambukizi ya mkojo. Kisha mkunje goti la mbali, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, mvutie kwako taratibu mpaka alale ubavu. Kitanda kiwe na kizuizi au mto mkubwa upande wako asiporomoke. Viringisha chafu kwa ndani, toa, safisha nyuma, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, tandaza mpya, mrudishe chali. Kwa mwanamume, kabla ya kufunga hakikisha uume umeelekea chini. Ukielekea juu, mkojo utatokea kiunoni na utalaumu kampuni bure. Vitepe vya chini vifunge vikielekea juu kidogo, vya juu vikielekea chini, na vidole viwili vyako vipite kiunoni bila kubana.

Haja kubwa haisubiri. Akijisaidia, badilisha wakati huohuo, kwa sababu mkojo ukichanganyika na kinyesi huunguza ngozi haraka kuliko kila kimoja peke yake. Kwa mkojo, chungulia kila baada ya saa mbili unapomgeuza ili asilalie upande mmoja, usingoje mpaka ining'inie. Sabuni kali za kufulia zisiguse sehemu hizo. Ngozi ikishakauka paka mafuta mepesi ya mgando au ile krimu nyeupe ya zinki wanayopakwa watoto, kidogo tu. Ukipaka tabaka nene linaziba pampasi isinyonye. Poda iache, huganda kwenye mikunjo na kukwaruza. Spiriti ya kusugulia mgongo, waliyokuwa wakiitumia wauguzi wa zamani, nayo iache, inakausha ngozi ikapasuka.

Hapa nisikilize vizuri zaidi. Vidonda vya kulalia vinaua. Vinaanza kimyakimya mkiani, kwenye nyonga, visigino, viwiko na kisogo, pale mfupa unapokandamiza ngozi dhidi ya godoro na damu ikashindwa kupita. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo wengi wanagundua kidonda kikiwa kimeshafunguka. Tafuta mahali palipozidi weusi au pameelekea zambarau, pana mng'ao, pana joto au ubaridi kuliko jirani yake, pamekuwa pagumu au pamelegea kama tope. Tumia mgongo wa mkono wako kulinganisha, mchana, karibu na dirisha. Ukipaona, usipasugue wala usipakande. Ondoa uzito hapo kabisa na umwite muuguzi. Ule mviringo wa mpira au wa kanga, wenye tundu katikati, ambao wengine humkalisha mgonjwa, nao uondoe, unabana damu pembeni kote. Visigino viinue kwa mto mwembamba chini ya mashavu ya miguu, vining'inie hewani.

Jambo lingine linalofanywa kwa nia njema likaumiza ni kumnyima maji ili asikojoe. Mkojo unakuwa mzito, wenye harufu kali, unaunguza ngozi zaidi, na kibofu kinashika maambukizi. Kinyesi nacho kinakauka. Mpe maji mchana kutwa kidogo kidogo, punguza jioni, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Mpe pia papai, mboga za majani, na maharage kama tumbo linayakubali. Na ukiona mgonjwa ambaye siku kadhaa hajapata choo ameanza kuvujisha majimaji kidogo kidogo, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha. Mara nyingi ni kinyesi kigumu kimeziba, na maji yanapenya pembeni yake. Dawa ya kuzuia itamzibia zaidi. Mpeleke aonwe.

Mpira wa mkojo, ule unaoingizwa ndani, usiuombe kwa sababu tu umechoka kufua. Unafungua njia ya vijidudu, na kadiri unavyokaa ndivyo hatari inavyoongezeka. Kama hospitali imeuweka kwa sababu zao, mfuko wake ukae chini kuliko kibofu lakini usiguse sakafu, na kuubadilisha ni kazi ya muuguzi. Wanaume wana aina nyingine inayovalishwa nje kama kondomu na kuunganishwa na mfuko. Hiyo uliza, wengi hawaijui.

Najua unafikiria pesa. Pampasi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Kama pakiti ina 10, ni pakiti 12. Siyo kila nyumba inaweza, na hakuna aibu kuchanganya. Usiku mvalishe pampasi, mchana tumia kanga kuukuu za pamba zilizokunjwa mara kadhaa, juu ya mpira wa kutandika ambao nao umefunikwa shuka. Mpira mtupu usiguse ngozi. Zile shuka ndogo za kutupa, zenye nailoni chini na pamba juu, tandika moja tu chini ya makalio. Ukirundika tatu unamtengenezea mikunjo ya kumchubua. Kanga zilizochafuka suuza kwanza kwa maji ya baridi, kisha fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani mpaka zikauke kabisa. Na kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo, usiandike "naombeni mchango wa mgonjwa". Andika, "Tunahitaji pakiti 12 za saizi L, glavu boksi moja, krimu ya zinki mbili," uweke na bei. Watu hutoa haraka wakijua wananunua nini.

Suala la kutupa tulimalize. Kinyesi kikung'utie chooni kwanza. Pampasi yenyewe isiingie chooni kamwe: ikilowa inavimba, shimo linajaa kabla ya wakati wake, na gari la majitaka likija mpira wake unaziba. Tangu Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wapo waliokosa cha kufungia, wakaanza kutupa wazi mitaroni. Mifuko maalumu ya taka bado inaruhusiwa. Viringisha pampasi, ifunge kwa vitepe vyake, izungushie gazeti, tia kwenye mfuko huo, mpe mzoa taka. Pasipo na mzoa taka, chimba shimo refu mbali na kisima na ufukie. Kuchoma ikiwa mbichi hakusaidii. Inafuka moshi wa plastiki na katikati inabaki vilevile.

Na mbele za wageni neno pampasi lisitamkwe. Sema "ngoja nimbadilishe mama nguo", watoke, ufunge mlango. Muulize mgonjwa angependa nani amhudumie. Wapo mama wakwe wanaokubali kulowa kutwa kuliko kuvuliwa na mke wa mtoto wao, na baba wanaonyamaza machozi yakiwatoka binti anapowasafisha. Kazi hii tumeibandika kwa wanawake kana kwamba mikono ya kaka zetu haioshi. Baba akimtaka mwanawe wa kiume, mwanawe aje. Jumamosi hii mpigie kaka yako, siyo kumwomba hela. Mwambie afike asubuhi kabla baba hajanywa uji, avue saa, avae glavu, na wewe usimame pembeni umwelekeze tangu kuandaa maji mpaka kufunga vitepe. Jumapili afanye mwenyewe, wewe ukalale.