Mtoto Wako Anapolazwa Hospitali Uingereza: Mambo Ambayo Kila Mzazi Ayajue

Leo tuzungumzie jambo ambalo hakuna mzazi anayeliombea lakini huja: mtoto kulazwa hospitali. Wengi wetu tumelelewa kumheshimu daktari hadi tunaogopa kumuuliza swali. Mzazi anakaa kando ya kitanda siku tatu, anaitikia kwa kichwa kila anachoambiwa, halafu anarudi nyumbani hajui mwanawe alikuwa anaumwa nini. Haya ninayoyaeleza yanahusu hasa England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao zinazotofautiana kidogo.

1. Kaa na mtoto wako

Great Ormond Street ya London, iliyofunguliwa mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10, ilikuwa hospitali ya kwanza nchini kulaza watoto peke yao. Kwa miaka mingi baadaye hospitali za hapa zilikuwa zikiwazuia wazazi kukaa wodini. Ripoti ya serikali ya mwaka 1959, iitwayo Ripoti ya Platt, ndiyo iliyopendekeza wazazi waruhusiwe kumwona mtoto wakati wowote. Leo ni kawaida mzazi mmoja kulala pembeni ya mtoto. Uliza kuhusu kitanda cha mzazi, chakula cha halali kama unakihitaji, na maegesho ya gari: hospitali za NHS England hazitozi maegesho usiku kwa mzazi anayelala na mtoto mgonjwa, lakini lazima uwaambie wodini.

Jambo moja tu: wageni. Sisi mgonjwa mmoja hutembelewa na mtaa mzima na vyombo vya uji na maandazi. Wodi nyingi huruhusu watu wawili tu kitandani kwa wakati mmoja. Pangeni zamu, na mwenye mafua abaki nyumbani.

2. Omba mkalimani

Mkalimani wa Kiswahili hupatikana bure, mara nyingi kwa simu. Hata kama Kiingereza chako kinatosha dukani, habari za operesheni ni kitu kingine. Usimtumie mtoto mkubwa akutafsirie habari za mdogo wake. Si lugha yake tu itakayomshinda. Unambebesha mzigo wa mtu mzima, na akiogopa atakuficha yaliyo mabaya.

3. Sema kila kitu

Kama mmetoka Afrika Mashariki au Kongo ndani ya mwaka mmoja uliopita na mtoto ana homa, taja safari hiyo kabla hujaulizwa. Daktari wa hapa anaweza kufikiria mafua tu, wakati malaria ikimmaliza mtoto. Taja pia dawa za mitishamba, dawa alizoletewa kutoka nyumbani, na hata kama umeshampa Panadol asubuhi. Hakuna atakayekucheka. Tunachoogopa sisi wauguzi ni kumpa mtoto dawa ileile mara mbili.

4. Usimzuie mtoto kusema anaumwa

"Jikaze, mwanaume halii." Maneno haya tunayasema kwa mapenzi, lakini wodini yana madhara. Muuguzi humpimia mtoto maumivu kwa kumwuliza namba kutoka 0 hadi 10, au kwa picha za nyuso, ya anayecheka hadi ya anayelia. Mtoto aliyeambiwa ajikaze atasema 2 wakati ni 9, na atapewa dawa ya 2.

Hili ni kubwa zaidi kwa watoto wenye selimundu, yaani siko seli. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2012 unasema mwenye maumivu makali ya siko seli apewe dawa ya kutuliza ndani ya dakika 30 tangu afike hospitali. Ukifika, sema mara moja: "Mwanangu ana siko seli, na ana maumivu makali." Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi usisubiri miadi ya GP, mpeleke idara ya dharura siku hiyohiyo.

5. Ngozi yetu na macho ya wengine

Vitabu vingi vya uuguzi vilieleza mgonjwa "anayegeuka bluu" au "anayepauka" kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa mtoto mweusi, rangi hiyo itazame kwenye midomo, ulimi, fizi, viganja na nyayo. Manjano itazame kwenye weupe wa macho. Ukiona tofauti, mwonyeshe muuguzi kwa kidole.

Na wazazi wenye watoto wachanga: watoto wetu wengi huzaliwa na alama za buluu mgongoni au matakoni. Asiyezijua anaweza kudhani mtoto amepigwa. Ombeni ziandikwe mapema katika kile kitabu chekundu cha afya ya mtoto, ambacho ni sawa na kadi ya kliniki ya nyumbani, na mwende nacho kila mara. Mkiulizwa maswali kuhusu jeraha msikasirike. Huulizwa kila mzazi, awe mzungu au mweusi.

6. Nani anatia saini?

Nyumbani shangazi au babu akimleta mtoto, mambo yanaendelea. Hapa, kumlea mtoto hakukupi moja kwa moja mamlaka ya kukubali operesheni. Mama anayo tangu mtoto anapozaliwa. Baba anayo akiwa ameoana na mama, au jina lake likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyeandikishwa hapa tangu Desemba 2003. Kama unaishi na mtoto wa ndugu yako, tafuta ushauri wa sheria mapema, kabla hajaugua. Hata hivyo, penye hatari ya maisha madaktari hawasubiri saini.

7. Ukihisi mtoto anazidiwa, usinyamaze

Mwaka 2021 msichana wa miaka 13, Martha Mills, alifariki kwa maambukizi ya damu. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao, lakini hawakusikilizwa ipasavyo. Kutokana na msiba huo, mwaka 2024 hospitali za England zilianza kutumia Kanuni ya Martha: mzazi anayeona hali inazidi kuwa mbaya, na hasikilizwi, anaweza kupiga namba maalumu na timu nyingine ikaja kumtazama mtoto. Siku ya kwanza wodini uliza, "Namba ya Kanuni ya Martha ni ipi?" Hiyo si dharau kwa daktari. Wewe ndiye unayejua mwanao akilala hulalaje na akilia huliaje. Maneno "leo si yeye" ni taarifa ya kitabibu kama ilivyo namba ya kipimajoto.

Malalamiko mengine, kama lugha mbaya au kucheleweshwa, yapeleke kwenye ofisi iitwayo PALS iliyopo hospitalini.

8. Kabla hamjaruhusiwa

Msitoke bila majibu ya maswali haya manne:
- Ugonjwa ulikuwa nini?
- Dawa ni mililita ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi? (Pima kwa bomba lake, si kwa kijiko cha chai.)
- Nikiona dalili gani nirudi?
- Nipige simu wapi usiku?

Namba 111 ni ya ushauri, 999 ni ya hatari. Na kwa wale ambao karatasi zao hazijakamilika: matibabu ndani ya idara ya dharura hayatozwi mtu yeyote. Ukilazwa, wengine wanaweza kudaiwa baadaye, lakini matibabu ya haraka hayazuiwi kwa ajili ya pesa. Msimfiche mtoto nyumbani kwa hofu.

Mwenyezi Mungu awape afya njema watoto wetu wote. Mpelekee makala haya jirani mwenye watoto.