Je, mtoto hushikamana na mama tu?

Swali: Nimesoma kwamba mtoto mchanga hushikamana na mama peke yake. Wangu hulelewa na bibi yake nikiwa kazini. Je, nadharia hiyo ni sahihi?

Jibu: Kwa sehemu tu. John Bowlby wa Uingereza, aliyeanzisha nadharia ya mshikamano, alisema kweli: mtoto huhitaji mtu wa kumkimbilia anapoogopa. Lakini alimkazia mno mama. Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona baadhi yao wameshikamana pia na baba, bibi au ndugu. Kipimo cha mshikamano alichobuni baadaye Baltimore, Marekani, humwacha mtoto kwa muda mfupi na asiyemjua. Kwa asiyezoea kuachwa hivyo, kilio kikali katika kipimo hicho si lazima kiwe dalili ya kasoro. Usalama hujengwa na walezi walewale, wanaomwitikia kwa upendo. Bibi aendelee, nawe ukirudi, mpakate.